Dakika Nzima Dirishani

Baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne ya utumishi, mtoa dawa wa kliniki yetu ya moyo anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 30 Juni. Wagonjwa wanamwita Mama Dakika. Madaktari nao wanamwita hivyohivyo, ila wakiwa mbali naye kidogo. Mimi namwita dada, kwa sababu nilipofika hapa nikiwa na miaka ishirini na minne, yeye ndiye aliyenionyesha stoo ilipo, choo kilipo, na mtu gani wa kumwogopa. Mtu mwenyewe alikuwa yeye.

Kamati ya sherehe iliniomba ukurasa mmoja: historia fupi, vichekesho viwili vitatu, pongezi, basi. Nimewapa zaidi ya walichoomba, watanisamehe. Vichekesho vipo. Lakini ndani ya faili la dada kuna barua ya onyo ya miaka ishirini na miwili iliyopita, na barua hiyo ina sentensi moja isiyo ya kweli. Faili likifungwa leo na sentensi ile imo, itabaki kuwa ndiyo habari yake mpaka karatasi zioze. Kwa miaka yote hiyo tuliojua ukweli tulikuwa mimi na yeye tu, na yeye amenikataza kusema. Kwa hiyo dada, kama umeshika kijitabu hiki na umeshaanza kunikunjia uso, kunja tu. Leo sitakusikiliza.

Alianza kazi stoo kuu ya dawa, kuhesabu maboksi na kugombana na panya. Mwaka wa nne akahamishiwa kliniki ya moyo, na huko hakuondoka tena. Chumba chenyewe mnakijua, ni kidogo kuliko jiko la nyumba nyingi: rafu tatu, sinki moja, friji inayonguruma kama mzee aliyeamshwa, meza ya kuhesabia vidonge yenye kioo juu, na dirisha la mbao lenye tundu kwa chini. Wageni huuliza kwa nini tundu lile ni kubwa hivyo. Madirisha mengine ya dawa hospitalini yana tundu la kupitisha bahasha na kadi. Letu linapitisha mkono mzima mpaka karibu na kiwiko. Wengine wanadhani liliharibiwa na wezi. Hapana, lilipanuliwa na seremala wa hospitali kwa maombi ya dada, na kingo zake akazipiga msasa mwenyewe ili zisimkwaruze mtu.

Kila anayekuja dirishani kwake husikia maneno yaleyale: toa kadi, toa mkono. Kadi anaiweka kando. Mkono anaushika pale kwenye kifundo, vidole viwili, macho kwenye saa ya ukutani yenye mshale mwekundu wa sekunde, na anahesabu mapigo kwa dakika nzima. Si sekunde kumi na tano mara nne, si nusu dakika mara mbili. Foleni ilalamike, mvua inyeshe, mkurugenzi apite na wageni wake, dakika ni dakika. Daktari mmoja kijana aliwahi kumshauri apunguze angalau iwe nusu, maana hesabu ni ileile. Dada alimjibu bila kuinua macho kwamba nusu dakika ni umbea. Maneno hayo yamebandikwa hadi leo kwenye mlango wa chumba cha chai, na aliyeyabandika ni daktari huyohuyo.

Maana watu wetu hawaji na malaria, wakapona, wakaenda zao. Wanakuja na mioyo iliyopoteza mpango. Wengine mapigo yanakimbia mia na hamsini wakiwa wamekaa tu kitini, wengine yanaruka, wengine yanakuja mawili mawili halafu kimya. Dawa wanazomeza ni nzuri, zimewarudisha wengi kazini na jikoni mwao, lakini hazina mzaha. Kuna za kupunguza mbio. Kuna za kuubembeleza moyo urudi kwenye mpigo wake wa kawaida. Kuna za kuzuia damu isigande ndani ya moyo unaotetemeka, bonge likapanda kichwani na kuleta kiharusi. Na nyingi kati yake, zikizidi kidogo tu, zinaleta uleule ugonjwa zilioletwa kuutibu. Hilo ndilo jambo dada alilotaka kila mgonjwa alijue kabla hajaondoka dirishani.

Aliwaeleza kwa njia yake. Mgonjwa akilalamika kwamba anameza dawa lakini kifua bado kinacheza, dada alimgeuza aangalie foleni iliyo nyuma yake. Watu wote wale, alimwambia, wakisukumana kwa pamoja mlangoni nitamhudumia nani? Juu ya moyo wako ndiko wanakosukumana. Dawa hii haiwatulizi wanaosukumana, inakaa mlangoni na kuwaingiza mmoja mmoja, ili chini pafanyike kazi. Nimehudhuria semina nyingi zenye picha za rangi na sijasikia maelezo yaliyomwingia mtu kichwani upesi kama hayo.

Vichekesho sasa, nisije nikadaiwa. Kulikuwa na fundi viatu aliyempenda mkewe kupita kiasi. Alipewa dawa ya kupunguza mapigo, na kwa kuwa nyumbani kwao kila kitu ni nusu kwa nusu, akawa anakata kidonge na kumpa mkewe kipande. Mke akaanza kuona kizunguzungu, mume mbio hazishuki, na wote wawili wakaja dirishani kuilaumu dawa. Dada aliwashika mikono yote miwili kwa wakati mmoja, mmoja kulia mmoja kushoto, akahesabu dakika mbili, kisha akawatangazia mbele ya foleni kwamba mapenzi yao ameyaona lakini moyo ni wa mtu mmoja. Halafu kulikuwa na mwashi aliyepewa dawa ya mapigo sugu, ile inayofanya ngozi iungue upesi juani. Dada alimwapisha asipande juu ya ukuta bila kofia pana na mikono mirefu. Kliniki iliyofuata jamaa alikuja amevaa kofia ya mkewe ya kuendea harusini, yenye utepe wa zambarau, na hakuivua hata kwa daktari. Dada alimsifu kwa moyo wote. Alisema amependeza kuliko mwenye kofia.

Na kuna dereva wa lori. Huyo aliona amepona, akaacha dawa zake kwa siku moja tu, ghafla, bila kumwambia mtu. Alipokuja dirishani kuulizia kitu kingine kabisa, dada alimwambia atoe mkono kama kawaida. Ulikuwa unakimbia mia na sitini. Hakumpa dawa aliyoijia, alitoka nje na kumshika bega, akampeleka mwenyewe mpaka chumba cha dharura, huku akimgombeza njia nzima kwamba dawa hizi haziachwi kama mtu anavyoshuka kwenye gari, zinapunguzwa pole pole na anayejua. Dereva yule bado anaendesha. Kila mwisho wa mwaka huja kumsalimia, na kila akija huambiwa atoe mkono.

Nimefika mahali ambapo kamati ingependa niandike pongezi na kufunga. Nami ningependa hivyo. Jamani, ningependa sana.

Watu hudhani dada alizaliwa na dakika yake. Hapana. Miaka kumi ya kwanza dirishani hakuwahi kushika mkono wa mgonjwa hata mmoja. Alikuwa mtoa dawa kama watoa dawa wengine, mwepesi, mcheshi, na mwenye mikono ya haraka kuliko wote. Wakati huo vidonge vilikuja kwenye makopo makubwa, nasi tukavimimina kwenye chupa za kioo zenye midomo mipana, tukavihesabu kutoka humo. Digoksini, ambayo ni dawa ya kupunguza mbio za moyo, ilikuwa na chupa mbili: ile ya kamili, na ile ya robo ambayo nguvu yake ni robo tu ya nyingine na walipewa zaidi wazee. Vidonge vya chupa zote mbili vilikuwa vyeupe, vidogo. Lebo za chupa zilikuwa zimefifia kwa kupanguswa na spiriti miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo hakuna aliyezisoma. Tulikwenda kwa vifuniko. Chekundu ni kamili, bluu ni robo. Kila aliyefanya kazi chumba kile alijua hivyo, na aliyekuja mpya alifundishwa hivyo siku ya kwanza.

Mimi nilikuwa mpya. Nilikuwa na miezi mitatu kazini, bado katika kipindi cha majaribio, na nilikuwa natafuta sifa. Jumatano moja alasiri dada alikuwa stoo kuu, nikaona chupa zimechafuka, nikaamua kumshangaza. Nilimimina vidonge juu ya karatasi safi, kila aina kando na nyingine, kwa uangalifu kweli. Nikaziosha chupa kwa maji ya moto mpaka zikang'aa. Nikazikausha, nikarudisha vidonge kila aina kwenye chupa yake. Nje gari la wafanyakazi lilikuwa linapiga honi. Nikachukua vifuniko kutoka kwenye taulo, nikafunika, nikakimbia. Chupa ya kamili nikaiwekea kifuniko cha bluu.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Dada alizisifu chupa zangu tukiwa wawili tu, kabla watu hawajafika. Kisha akafungua dirisha, na miongoni mwa waliokuja alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee wa miaka sabini na moja, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mfukoni. Alikuwa ameandikiwa kidonge kimoja cha robo kila asubuhi. Dada akavuta chupa ya kifuniko cha bluu, akahesabu, akaandika, akampa. Mzee alikuwa anameza dozi mara nne ya aliyoandikiwa.

Ijumaa ya wiki iliyofuata binti yake alikuja dirishani kuomba dawa ya kichefuchefu. Baba hali, alisema, anatapika, na sasa anagombana na mama kwamba mashuka ni ya manjano na mama ameyafua mara mbili. Sitasahau jinsi dada alivyoiweka chini bahasha aliyokuwa ameishika. Mtu anayeona manjano huku anameza digoksini, imemzidi. Alivuta chupa ya bluu, akamimina vidonge juu ya kioo, akageuza kimoja na kusoma herufi zake. Kisha akafunga dirisha watu wakiwa kwenye foleni, akatoka na koti lake jeupe hivyohivyo, akaenda kwa miguu, na waliokuwa barabarani walisema alikuwa anakimbia.

Alimkuta mwalimu amekaa kitandani. Mzee alimwomba radhi kwa kumsumbua. Hapo ndipo dada alipohesabu mapigo ya mtu kwa mkono wake kwa mara ya kwanza tangu aje kliniki: thelathini na manane kwa dakika, yenye mapengo. Aliletwa hospitali, dawa ikasimamishwa, akawekwa kwenye mashine, na madaktari walifanya kila kilichowezekana. Dawa ya kuondoa sumu ile haikuwapo hapa wala jirani. Wengine wawili waliopewa kutoka chupa ile walifuatwa majumbani siku hiyohiyo. Mmoja hakuwa ameanza kumeza. Wa pili alikuwa mzembe wa dawa tangu zamani, na uzembe wake ukamwokoa. Waliopata kutoka chupa nyekundu walikuwa wamepewa pungufu, nao wakarekebishiwa. Mwalimu alifariki Jumatatu, saa nne asubuhi.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa mjane wake, nikamweleza yote ninayoyaandika hapa, maana sikutaka ayasome kwenye kijitabu. Hospitali iliwaambia tangu zamani kwamba kosa limefanyika na ikaomba radhi, ila jina langu hakuwa amelisikia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia chumbani akanitolea daftari. Mumewe alikuwa akiweka alama ya vema kila alipomeza kidonge chake, saa moja na robo asubuhi. Vema nane, zote zimenyooka, ya nane ni ya Ijumaa ile. Mama yule aliniomba jambo moja tu, kwamba kama nitaandika, niandike kuwa mume wake hakuwahi kuruka dozi hata siku moja. Nimeandika, mama.

Sasa ile sentensi. Kamati ya uchunguzi ilikaa chumba cha mikutano, nami nikawekwa benchi la nje kusubiri zamu yangu. Nilikuwa na mimba ya miezi minne ya mwanangu wa kwanza. Nilikuwa nimeshamwambia dada kuhusu vifuniko, siku ileile ya Ijumaa, nikilia hadi nikashindwa kupumua, na nilikuwa nimejiandaa kuwaambia. Yeye aliingia kwanza. Walimuuliza nani alipanga chupa. Akasema chupa ni zake, alizipanga yeye. Nilipoingia mimi niliulizwa swali moja: je, Alhamisi ile nilikuwa dirishani? Nikasema hapana. Ilikuwa kweli. Wakanishukuru, nikasimama, nikatoka. Kosa langu la kwanza lilikuwa la mikono. Hili la pili nililifanya nikiwa na akili zangu zote.

Nilimfuata baadaye nikamwuliza kwa nini. Alinijibu kwa ukali kwamba aliyetazama kifuniko badala ya kidonge ni yeye, na aliyempa mwalimu ni yeye. Wewe ulikosea vifuniko, alisema, mimi nilimkosea mtu. Nilivyomng'ang'ania, akaniuliza kama nataka kumzaa mtoto nikiwa sina kazi. Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka ishirini na miwili.

Barua ya onyo inasema kwamba aliyepanga chupa na kuchanganya vifuniko ni yeye. Si yeye. Ni mimi. Januari iliyofuata alikuwa awe mkuu wa kitengo. Jina lake lilikuwa limeshapendekezwa. Likafutwa kwa sababu ya barua, na halikurudi tena, kila mwaka lilipotajwa barua ilitajwa pia. Miaka tisa baadaye cheo hicho nilipewa mimi. Siku hiyo dada alikuja ofisini kunipongeza, akasukuma kiti kwangu na kuniambia nikikalie vizuri kisije kikanikalia. Watu walicheka. Mimi nilikwenda kunawa uso.

Alichokifanya baada ya msiba ule mnakiona kila siku bila kujua kilitoka wapi. Vifuniko vya rangi vilitupwa. Lebo zikapigwa chapa na kubadilishwa kila mwezi. Tukaanza kusomeana: mmoja anasoma lebo kwa sauti, mwenzake anasoma herufi za kidonge kwa sauti, ndipo kinaingia kwenye bahasha. Akamfuata daktari wa moyo wakati wa chakula cha mchana, mwezi mzima, afundishwe kuhesabu mapigo ya moyo uliopoteza mpango, maana huo haudanganywi kwa robo dakika. Kisha akamwita seremala. Chini ya sitini hutoi, unamrudisha mgonjwa kwa daktari. Kuna asubuhi alimrudisha mama mmoja mara tatu kwa daktari yuleyule wa nusu dakika, mara ya tatu na kikaratasi kilichosema arobaini na mbili, tafadhali usome wewe. Daktari alipima akiwa amechukia. Halafu alikuja dirishani mwenyewe, akasimama kwenye foleni, akasema asante.

Hatujui ni watu wangapi wako hai kwa sababu ya tundu lile. Ninachojua ni kwamba kila alipoushika mkono wa mtu, kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa anarudi kwenye kitanda cha mwalimu. Nilimwona usoni. Nanyi mmemwona, mkadhani ni ukali.

Oktoba iliyopita nilimkuta ameshika mkono wake mwenyewe chini ya meza, macho kwenye saa. Alijikaza wiki mbili kabla ya kukubali kupimwa. Sehemu ya juu ya moyo wake inatetemeka. Aliandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda, na digoksini, kidonge kimoja cha robo kila asubuhi. Karatasi ile niliisoma mara mbili. Yeye aliikunja, akaitia mfukoni, akaenda kuchukulia dawa jengo kuu, na tangu hapo kila mwezi huko jengo kuu anamwaga vidonge vyote mbele ya mfamasia, anakigeuza kimoja kimoja chini ya kioo cha kukuzia, anasoma herufi, anahesabu, anarudisha. Mfamasia alikasirika miezi miwili ya kwanza, kisha akamzoea.

Nilipomwandikia mkurugenzi barua ya kueleza ukweli, na kuomba iwekwe ndani ya faili la dada juu ya ile nyingine, nilimwambia dada Jumanne ya wiki iliyopita. Alikuwa anahesabu vidonge. Hesabu ikampotea, jambo ambalo sijawahi kuliona, akaanza upya. Kisha akanimwagia yote. Kwamba nina mtoto chuo kikuu, nitakula nini nikifukuzwa. Kwamba nimempelekea yule mjane kidonda upya. Kwamba kunyamaza kule hakukuwa kwangu nikugawe nitakavyo, kulikuwa ni kwake, alikwishakulipia. Hakunisemesha tena siku ile, wala Jumatano. Mkurugenzi ameipokea barua, na Jumatatu ijayo naitwa kamati ya nidhamu. Nitakwenda. Safari hii sitasubiri kuulizwa swali.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo ilikuwa kliniki yake ya mwisho, maana wiki hii hakupangiwa zamu. Saa sita alinikabidhi funguo, akatundika koti, akatoka. Nilibaki ndani na mwenzangu wa zamu. Saa nane na nusu foleni ilikuwa imekwisha, nikawa napangusa kioo cha meza, na hapo kadi ikapita kwenye tundu, na nyuma ya kadi mkono. Sikuhitaji kuinama kutazama uso. Ule mkono wenye alama ya kuungua kwenye kidole gumba nimefanya nao kazi zaidi ya nusu ya utu uzima wangu. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kusimama upande ule wa dirisha.

Nilimshika. Nilihesabu dakika nzima, na ilikuwa ndefu. Mapigo yalikuja mawili, yakanyamaza, likaja moja, yakaja matatu kwa pupa. Sabini na manne. Mwenzangu akasoma lebo kwa sauti, nami nikasoma herufi za kidonge kwa sauti. Nikahesabu thelathini. Nikaandika kwenye bahasha, digoksini ya robo, kimoja asubuhi. Niliipitisha kwenye tundu, na kando yake nikaweka kioo chetu cha kukuzia, nikasubiri avimwage avikague kama kawaida yake. Nilitaka avikague. Niliona ni haki yake.

Alichukua bahasha, akaitia kwenye mkoba, akaubana mkoba. Kioo alikisukuma kikarudi ndani. Akaondoka zake kwa ule ukumbi mrefu, hakugeuka, na mimi nikabaki nimeushika ukingo wa tundu nalia kama mtoto, mwenzangu akiniuliza kumetokea nini.

Dada, kwa niaba ya kliniki nzima, asante. Asante kwa niaba ya fundi viatu na mkewe, ya mwashi na kofia yake, ya dereva, na ya wote waliorudi nyumbani bila kujua walikokuwa wanaelekea. Tunakuombea uzee wenye utulivu, usingizi wa kutosha, na watu wa kukucheka kidogo, maana sisi tulikuogopa mno. Kidonge chako ni kimoja asubuhi, baada ya kujishika mkono. Dakika nzima. Yakiwa chini ya sitini usimeze, nipigie. Niwe na cheo au nimeshakivua, nitakuja kwa miguu, na njiani nitakimbia.